Tumekuja Kutembea Tu

Kuna kichaka kinachoota sana upande wetu huu, leleshwa, chenye majani ya rangi ya majivu. Ukiyafikicha mkononi yanatoa harufu kali kama ile dawa ya kupakwa kifuani mtu akiwa na mafua. Ukiyachoma yakiwa mabichi, moshi wake unaingia kwenye nguo na kukaa humo hata baada ya kufua. Wenzangu wengi wanaipenda harufu hiyo, wanasema inawakumbusha nyumbani, ng'ombe na vibuyu vya maziwa. Mimi ikinipata ghafla, hata nikiwa nimesimama tu kando ya barabara hapa Naivasha na mtu amepita na mzigo wa kuni, uso wangu unapata moto na ninaangalia chini. Nimejaribu kuwaeleza watu wawili watatu sababu, nikashindwa katikati. Labda kwa kuandika nitafika mwisho. Mimi si mtu wa kusoma sana, niliachia kidato cha pili, na kumbukumbu zangu siziamini zote, maana mama anayakumbuka mambo yaleyale kwa namna nyingine. Pale tunapotofautiana nitasema.

Ilikuwa likizo ya Agosti, mwaka uliofuata ule wa fujo za uchaguzi, nikiwa darasa la tano. Tuliishi Nakuru, kwenye nyumba za zamani za reli, kwa sababu babu yangu aliletwa na kazi ya reli kutoka magharibi na familia haikurudi tena. Baba hakufanya kazi ya reli. Alikuwa dereva wa kampuni iliyopeleka wazungu porini kwa lori kubwa lenye viti na madirisha. Hao hawakulala hotelini. Walilala kwenye mahema, mahali ambapo hakuna duka wala choo, na baba ndiye aliyewatafutia pahali pa usawa, akawapikia, akakaa nao kando ya moto. Alikuwa akirudi baada ya wiki nyingi, midomo imepasuka kwa upepo wa Turkana, nasi tunamzunguka atuhadithie. Mama alikuwa anacheka hadi anashika mbavu. "Yaani mtu ana nyumba kwao," alikuwa akisema, "ana kitanda na godoro, halafu anapanda ndege aje kulala kwa vichaka?" Baba hakukasirika hata kidogo. Alimwambia, "Siku moja nitakupeleka uone. Utanyamaza wewe mwenyewe."

Naomba hili lieleweke mapema, kwa sababu mengine yote yanatoka hapo. Baba alitaka kitu kimoja tu. Alitaka sisi, mkewe na watoto wake wawili, tuwe kwa siku chache watu wanaoketi mahali pazuri bila sababu yoyote. Alikuwa amewaona watu wa namna hiyo maisha yake yote ya kazi. Alikuwa amewakunjulia viti. Na sidhani lilikuwa ombi kubwa, nimelifikiria sana na bado sidhani hivyo.

Baada ya fujo wazungu waliacha kuja. Lori likaegeshwa, madereva wakaambiwa wakae nyumbani mpaka waitwe. Baba akawa na wakati. Nyuma ya nyumba alikuwa na pikapu yake kuukuu, ya kijani, aliyoinunua kwa shamba moja la zamani na kuitengeneza kidogo kidogo tangu kabla sijazaliwa. Siku moja ikanguruma, majirani wakatoka kuangalia, na jioni ile baba akasema tunaenda kupiga kambi. Kilichobaki kilikuwa hema. Mahema ya kampuni yalifungiwa stoo, naye hakuwa mtu wa kuchukua cha wenyewe. Akaenda sokoni akarudi na turubai kubwa jeupe, zito, lililokunjwa kama mzigo wa nafaka.

Mama alilikunjua uani, akalitazama pande zote. Ubavuni palikuwa na herufi kubwa za samawati ambazo mtu alijaribu kuzifua zitoke. Hazikuwa zimetoka vizuri, zilibaki kama kivuli. Mtu yeyote wa Nakuru mwaka ule aliyajua mahema hayo. Yalikuwa yamejaa uwanja wa maonyesho, na mengine yalipangwa kando ya barabara kuu kwa mistari, na watu ndani yake walikuwa wale waliochomewa nyumba.

"Baba Nekesa," mama akasema, akimwita kwa jina langu, "hii ni ya kambi."

"Si ndiyo tunaenda kambi?"

"Unajua vile namaanisha."

"Turubai ni turubai," baba akasema. "Mwenye kuuza amesema hakuna mvua itapita."

Hapo ndipo ninapoanza kuona aibu, ingawa wakati ule sikuona chochote, nilikuwa ndani ya hilo turubai na ndugu yangu Wafula tukikimbizana. Lakini pia nisimwonee baba. Watu wengi waliuza mahema yao walipopata pa kwenda, na kitu kikishafika sokoni hakina tena historia, ni kitu. Nusu ya sufuria za mtaa wetu zilitoka njia hiyohiyo.

Kosa la pili lilikuwa la mama, naye amelikubali mwenyewe akicheka, kicheko kile cha kufunika uso na leso. Mama hakujua kufunga mizigo ya kupumzika. Hakuna aliyemfundisha. Mizigo aliyojua kufunga ni ya kuhama. Kwa hiyo aliweka magodoro mawili, jiko la makaa, gunia la makaa, sufuria zote kwa ukubwa wake, kibao cha kukunia nazi ambacho hatujawahi kukitumia, ndoo, beseni, taa ya chemni, viti vya plastiki vimepandanishwa, na juu ya vyote akafunga godoro moja kwa kamba ya katani, limekunjwa katikati. Baba aliangalia, akataka kusema kitu, akaacha. Nadhani aliogopa akisema mama atashuka. Hivyo ndivyo tulivyotoka Nakuru asubuhi, sisi watoto nyuma juu ya mizigo, na watu njiani wakitutazama kwa macho ambayo leo nayaelewa. Mama mmoja wa mahindi ya kuchoma pale kando ya barabara alitupungia mkono polepole. Tulimpungia kwa furaha, mikono yote miwili.

Tulisimama Kariandusi, baba akataka tuone yale machimbo meupe. Ukuta mzima wa kilima ni mweupe kama chokaa, mwepesi, ukishika jiwe ni kama umeshika mkate. Wafula alijiviringisha humo akatoka mweupe hadi kope, na baba akacheka mpaka akakaa chini. Sikumbuki kumwona akicheka hivyo tena. Kutoka hapo tukaona ziwa la Elmenteita upande wa kulia, pembeni pana rangi ya waridi ya ndege, kisha tukaacha lami, na vumbi likaanza. Njia ilipanda, ikawa mawe, ikawa mitaro tu. Baba aliendesha akiwa ametoa kichwa dirishani, akiichagulia kila gurudumu mahali pa kukanyaga, na alikuwa akipiga mluzi. Tulifika alasiri mahali penye nyasi fupi, juu kabisa ya Ndabibi, ziwa la Naivasha likimeta mbali chini. Nyuma yetu mlima ulikuwa ukitoa moshi. Si moto, ni mvuke wa ardhi. Unatoka kwenye nyufa asubuhi na jioni, mweupe, kama kuna mtu anapika huko chini.

Alilisimamisha hema kwa ustadi wa kupendeza. Akachimba mfereji wa maji kulizunguka, akapiga vigingi kwa jiwe, akawasha moto wa leleshwa, akapanga vile viti vya plastiki vinne vikielekea bonde. Akamketisha mama kwenye kimoja kama unavyomketisha bibi arusi.

"Sasa tunafanya nini?" mama akauliza baada ya muda.

"Tunaangalia."

"Tunaangalia nini?"

"Si hiyo yote," baba akasema, akionyesha bonde lote kwa kijiko cha kupikia.

"Nimeiona."

"Iangalie tena."

Mama alicheka, lakini aliketi. Jioni ile nilimwona akiwa hafanyi kitu, mikono mapajani, na ilinishangaza kama kuona mtu mwingine amevaa nguo zake. Kesho yake alikuwa tayari ameanza kunyamaza, vile baba alivyotabiri. Kwa hiyo sitaki kusema safari yote ilikuwa mbaya. Palikuwa na siku moja na nusu za vile baba alivyotaka, na nadhani ni haki ziandikwe.

Asubuhi ya pili alikuja mwanamke akipanda kutoka upande wa chini, na kijana wa kike nyuma yake amebeba jerikeni mgongoni, mshipi umepita kichwani. Mwanamke alikuwa na chupa kubwa ya uji imefungwa na leso. Alijitambulisha kuwa ni Mama Tabitha, na yule ndiye Tabitha. Aliangalia hema, akaangalia pikapu, akaangalia godoro lililoanikwa juu yake, halafu akatuangalia sisi mmoja mmoja kama anayehesabu kama tumetimia.

"Mlitoka wapi?"

"Nakuru," baba akasema.

"Poleni sana."

Baba akasema asante, akidhani ni pole ya safari. Mama aligeuka akalitazama hema. Tukanywa uji, ulikuwa wa wimbi, mchachu, mtamu sana. Mama Tabitha alitutazama tukinywa. Hakuuliza lingine. Alipoondoka aliacha ile jerikeni ya maji na kusema atatuma nyingine. Jioni yake akaja mtu tusiyemjua na viazi ndani ya karai. Mwingine akaleta kuni, hali kuni zilikuwa zimetuzunguka pande zote. Baba alifurahi. Alituambia hivyo ndivyo watu wa mashambani walivyo, hata wazungu wake husema hawajaona ukarimu kama huu popote. Mama akasema, "Mm," akiwa anamenya viazi.

Sasa lazima nieleze maji. Kule juu hakuna mto wala kisima. Watu huvuna ule mvuke. Wanaufunika kwa bati na kuuelekeza kwenye bomba la chuma, na ukipoa unageuka matone, na matone yanaingia kwenye jerikeni moja moja. Jerikeni haijai haraka. Inaachwa hapo na mtu analinda zamu yake. Sisi hatukujua. Sisi tulijua maji yanatoka kwa mfereji ukiufungua. Na baba alikuwa na mazoea ya udereva wa watalii, kwamba kila asubuhi, hata uwe wapi, gari lazima lipanguswe na kioo cha mbele kiwe safi kabla abiria hawajaamka. Asubuhi ya siku iliyofuata alimwaga maji ya Mama Tabitha kwenye beseni, akachukua kitambaa, akaiosha pikapu. Aliosha hadi magurudumu.

Mama Tabitha alipofika alisimama karibu na tope lile. Ni Tabitha aliyesema, bila ubaya, kama mtoto anavyosema kitu anachokiona: "Hiyo ilikuwa zamu yetu ya wiki." Mama yake akamgusa bega. Kisha akatueleza habari ya mvuke, taratibu, na akanyoosha kidole kule moshi ulikotoka. Baba alikuwa bado ameshika kitambaa kinachodondoka maji. Nilimwona akitafuta mahali pa kukiweka asipapate.

Hapo ndipo alipoelewa zile pole na zile zawadi, akamwambia. Nataka hili lieleweke, kwa sababu ndugu zetu wengine waliosikia hadithi hii nusunusu wanasema baba alikula vya watu kwa uongo. Si kweli. Alimwambia siku ileile, mbele yetu sote. "Mama, samahani. Nafikiri mmetuchukulia vingine. Sisi hatujafukuzwa na mtu. Tuko na nyumba yetu Nakuru, iko salama. Tumekuja kutembea tu."

Mama Tabitha alimtazama, na uso wake ukalainika badala ya kukasirika. Akasogea akaweka mkono wake juu ya ule mkono wenye kitambaa.

"Najua," akasema. "Hata sisi tulisema hivyo."

"Hapana, mimi nasema kweli."

"Tulikaa kwa shule moja huko chini wiki mbili, Baba Tabitha akiambia watu tumepitia kusalimia jamaa. Mwanaume hawezi kusema ile ingine. Wacha tu. Si lazima useme."

Baba alinyoosha mkono wake mwingine. Akaonyesha viti vinne, vilivyoelekea bonde. Akaonyesha ziwa. Lakini nyuma yake lilisimama lile hema na herufi zake, na pikapu, na godoro, na sufuria zote kwa ukubwa wake. Mama naye akajaribu. "Dada, ni ukweli, tumekuja kupumzika." Mama Tabitha akatikisa kichwa akisema, "Pumzikeni, mama. Pumzikeni sana. Hapa hakuna mtu atawasumbua." Akaondoka, na jioni jerikeni nyingine ikaletwa.

Ukiniuliza kwa nini hatukukunja hema saa ileile tuondoke, sijui. Mama anasema yeye alitaka tuondoke na baba akakataa, kwamba kuondoka namna hiyo ni kama kukiri wizi. Mimi nakumbuka pikapu ilikataa kuwaka na baba akashinda chini yake siku nzima. Inawezekana yote mawili. Ninachokumbuka bila shaka ni kwamba tuliacha kukaa kwenye vile viti. Tulikaa chini, ndani ya hema. Baba hakupiga mluzi tena, na mama hakumwuliza tunaangalia nini. Maji yale hatukuyagusa hadi kiu ikatushinda, na Wafula alipomwaga kidogo kutoka kikombeni alipigwa kofi, ingawa hakuna aliyempiga baba kwa kuosha magurudumu.

Jumapili Mama Tabitha na wenzake walikuja kutuchukua twende kanisani. Kanisa lilikuwa la mabati, sakafu ya udongo, na lilijaa. Tuliwekwa mbele kabisa, tukielekezwa kwa watu, na nilikuwa nimevaa gauni langu la Krismasi ambalo mama alilipakia kwa sababu alipakia kila kitu. Nililivuta chini lisionekane jipya. Mzee wa kanisa, mtu mrefu mwenye koti lisilo na kifungo, aliposimama alisema maneno machache tu. "Tuna wageni. Hatutawauliza waliyoyaona. Hata sisi hatukupenda kuulizwa." Na kweli hakuna aliyetuuliza. Mwaka ule, upande wetu huu, watu walikuwa wakiulizwa jina la pili, lile linaloonyesha kabila, kabla ya kupewa kiti. Pale hakuna aliyetaka kujua jina letu la pili. Nimezunguka kwingi tangu wakati huo na jambo hilo sijaliona tena.

Halafu wakaanza kutoka kwenye viti vyao, mmoja mmoja, wakiimba. Waliweka mbele yetu viazi, maharage, sabuni ya kipande iliyokatwa nusu, kuku aliyefungwa miguu. Wengi wao wenyewe walikuwa wameishi kwenye mahema kama lile letu mwaka mmoja tu nyuma, na wengine bado walikuwa humo. Mama Tabitha alikuja wa mwisho. Alikuwa na blanketi la kijivu, lile zito linalokuna, ambalo kila familia ya kambini ilipewa. Alikuwa amelifua. Lilikuwa linanuka moshi wa leleshwa. Akalifungua, akanifunika nalo mabegani, mimi na Wafula pamoja, akatubana kidogo kama anayejaribu kama linatosha.

Mzee akamwambia baba aseme neno.

Baba alisimama, kofia mkononi. Nilijua atasema. Niliomba aseme, na niliomba asiseme. Mimi nakumbuka alikaa kimya sana, watu wakasubiri kwa heshima, na hatimaye akasema, "Hatustahili hivi vitu." Akarudia, "Kwa kweli hatustahili." Na kanisa zima likaitika amina, kwa upole, kwa sababu hata hilo ni jambo ambalo mtu mnyenyekevu husema. Baba aliketi. Mama anakumbuka kwamba aliendelea, kwamba alianza kusema "tuko na nyumba," na mwanamke mmoja nyuma akaanzisha wimbo kwa huruma ili kumwokoa asilie mbele za watu. Sijui. Ningependa iwe hivyo alivyokumbuka mama. Nimejiuliza miaka mingi kama kunyamaza kwa baba kulikuwa woga au adabu, maana angewaambia nini watu ambao wameshatoa? Wachukue kuku wao warudi naye nyumbani, na aibu badala ya furaha? Siku zingine nasema ilikuwa adabu. Siku nyingi sisemi hivyo.

Tuliondoka Jumatatu asubuhi. Baba alijaribu kuacha vile vitu pale penye hema, mama akasema vikionekana vimetupwa itakuwa mbaya zaidi. Tukavipakia. Hema tuliwaachia, na ndicho kitu cha pekee tulichowapa. Mama Tabitha alikuja kutuaga. Baba akamwambia tunarudi nyumbani, Nakuru, na yeye akasema, "Mungu awafungulie mrudi kweli." Kuku alikuwa kati ya miguu yangu. Tulipopita Kariandusi Wafula alionyesha ule ukuta mweupe, na hakuna aliyegeuka.

Baada ya mvua baba alirudi kule peke yake, na unga, sukari, sabuni na lile blanketi. Hakumpata Mama Tabitha. Aliambiwa wamepewa shamba mahali pengine, wakabebwa na lori. Kila aliyemwuliza alimtajia mahali tofauti. Vile vyakula aliviacha kanisani. Blanketi akarudi nalo, mama akalitia sandukuni. Kisha wazungu wakaanza kuja tena na baba akaitwa kazini. Pikapu aliiuza. Miaka yote aliyobaki akiwa dereva, mpaka macho yalipomwachisha, hakutuhadithia tena habari za porini, nasi hatukuuliza. Na mama hakuwacheka tena watu wanaolala kwa vichaka.

Siku hizi mimi ni mfanyakazi wa shamba la maua hapa Naivasha, upande wa kufunga waridi kwa mashada. Mwaka huu vijana wa kazini walipanga matembezi, na msimamizi wetu, kijana mcheshi tunayemwita Brayo, akasema tunaenda kupiga kambi. Siku hizi kila mtu anapiga kambi. Wanapiga picha, wanaweka kwa simu. Nilisema siendi. Kisha nikasikia ni wapi, ni juu ya Ndabibi, nikasema naenda. Nilipita Nakuru kwa mama, nikamwomba blanketi. Alilitoa bila kuuliza. "Ukimpata, mpe," akasema. "Usipompata, rudi nalo. Usiliache tu kwa mtu yeyote ili urudi ukiwa mwepesi." Baba alikuwa ameketi mlangoni, anasikia. Alisema tu, "Msioshe gari."

Njia sasa ni nzuri. Hema za Brayo ni za rangi ya machungwa na samawati, unazirusha zinajifungua zenyewe. Tulikuwa na viti vya kukunja vyenye shimo la kuwekea kikombe, muziki, na boksi la barafu. Mvuke ulikuwa uleule, nyuma yetu, na bonde ni lilelile. Nilimwuliza mzee mmoja aliyekuwa akipita na mbuzi kama anamfahamu Mama Tabitha, akasema watu wa mahema walitoka zamani, yeye mwenyewe ni mgeni. Nikarudi nikaketi. Jua lilikuwa linaelekea milima ya Mau wakati mwanamke mmoja alipojitokeza akipanda, jerikeni mgongoni, mshipi kichwani.

"Msimwangalie sana," Brayo akasema chini kwa chini. "Ukimwangalia ataanza kuomba."

Mwanamke alisimama, akashika mshipi kwa mikono miwili ili apumzishe shingo. "Habari zenu. Maji mnayo?"

Wenzangu walicheka, si kwa ubaya. Brayo akainua chupa. "Tuko sawa, mathe. Tuko na mpaka barafu." Lakini yule mwanamke alikuwa ananiangalia mimi, nadhani kwa sababu nilikuwa mkubwa wao, au kwa sababu nilipomwona niliinuka.

"Tunayo, mama," nikasema. "Tumekuja kutembea tu."

Aliangalia hema, akaangalia viti, akaangalia gari, kwa utaratibu uleule. Nilisubiri. Nilijikuta nimeshika ukanda wa mkoba wenye blanketi, na moyo wangu ukipiga kama wa mtoto aliyewekwa mbele ya kanisa.

"Haya," akasema. "Tembeeni vizuri."

Aliniamini hapo hapo, bila hata neno la pili. Akainama, akaweka mshipi sawa, akaendelea kupanda kuelekea kwenye moshi, na mimi nikabaki nimesimama kati ya vile viti, nikitamani arudi aniambie kwamba hata wao walisema hivyo.